Mji wa Juu ya Mwamba: Kwa Nini Naomba Mahujaji Wetu Walale Orvieto



Wapendwa taifa la Mungu, juma hili sitafafanua masomo ya Dominika kama ilivyo desturi ya ukurasa huu. Nataka kuzungumzia karatasi iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo mlangoni mwa kanisa letu, yaani ratiba ya hija ya Italia ambayo baadhi yenu mmekuwa mkiiwekea akiba kidogo kidogo kwa miaka mitatu sasa. Nimeisoma mara mbili. Siku ya sita imeandikwa hivi: asubuhi kuondoka Roma, muda wa saa tatu kutembelea Orvieto, chakula cha mchana njiani, jioni kufika Assisi. Wakala aliyeipanga safari hii ni mtu mwema na bei yake ni nafuu, sina ugomvi naye. Ila zile saa tatu nazipinga, na hapa naeleza sababu zangu ili Halmashauri ya Walei itakapokutana izipime.

Orvieto ni mji wa mkoa wa Umbria, kiasi cha kilometa 120 kaskazini mwa Roma. Reli na barabara kuu ya kwenda Firenze hupita chini yake, bondeni, karibu na mto Paglia, na ndiyo maana maelfu ya watu huuona kila siku kupitia dirishani bila kuufikia. Kinachoonekana ni mwamba wa rangi ya kahawia uliosimama wima kama meza katikati ya bonde, na juu ya meza hiyo mji mzima: mapaa, minara, na kanisa kuu ambalo sura yake ya mbele hung'aa jua la alasiri linapoipiga. Wakati wa masomo yangu Roma nilikwenda huko mara kadhaa, na kila mara nilirudi nikijisemea kwamba hapa si mahali pa kupitia.

Naanza na mwamba wenyewe, kabla ya kanisa kuu, na nafanya hivyo kwa makusudi. Mwamba huo ni wa tufo, jiwe laini lililotokana na majivu ya volkeno zilizolipuka zaidi ya miaka 300,000 iliyopita. Chini ya tufo kuna udongo wa mfinyanzi ambao hapo kale ulikuwa sakafu ya bahari. Uzuri wa Orvieto na mashaka ya Orvieto vyote viwili vyatoka hapo. Tufo huchimbika kwa sururu ya kawaida, basi watu wakachimba. Walianza Waetruski, wenyeji wa nchi hiyo kabla ya Warumi. Wakafuata watu wa zama za kati. Wakaendelea wajukuu zao. Wamechimba visima, maghala ya divai, vinu vya kukamulia mafuta ya zeituni, na vyumba vilivyojaa vijishimo vya mraba ukutani ambamo walifuga njiwa kwa ajili ya kitoweo. Mapango yaliyohesabiwa chini ya mji huo yanazidi 1,200. Kwa maneno mengine, kuna mji juu na mji mwingine chini yake.

Lakini maji yakipenya yakaufikia ule udongo wa chini, udongo hulainika, na kingo za mwamba hupasuka na kuporomoka. Katika miaka ya 1970 maporomoko yalitisha kiasi kwamba mwaka 1978 Bunge la Italia lilipitisha sheria maalumu ya kuiokoa miamba ya Orvieto na ya mji jirani wa Todi. Mafundi waliufunga mwamba kwa nondo, wakaelekeza upya maji ya mvua, wakatengeneza mifereji ya maji machafu iliyokuwa ikivuja kimyakimya chini ya nyumba za watu. Sehemu kubwa ya hatari ile haikuletwa na tetemeko wala vita. Ilikuwa mabomba mabovu. Sisi tulioona mashamba yetu ya mtelemko yakichukuliwa na maji ya mvua mwaka hadi mwaka, kwa sababu hakuna aliyejisumbua kuchimba mtaro, tutaelewa habari hiyo haraka kuliko watalii wengine wanaokanyaga mitaa ile.

Kuna njia ya kutembea kwa miguu inayozunguka chini ya mwamba wote, urefu wa kilometa tano hivi. Ukiifuata unauona ukuta wa tufo ukipanda juu ya kichwa chako, mitini na miti mingine imeota katika nyufa zake, ndege wanaruka kutoka kwenye matundu. Upande mmoja, karibu na njia hiyo, kuna makaburi ya Waetruski ya karne ya sita kabla ya Kristo, yaliyopangwa kama mitaa, nyumba kwa nyumba za mawe, na juu ya kila mlango jina la ukoo limechongwa. Mnamo mwaka 264 kabla ya Kristo Warumi waliuharibu mji wa watu hao na kuwahamishia wenyeji kando ya ziwa Bolsena. Majina yao yakabaki milangoni. Mimi nimewahi kusimama pale nikawakumbuka wazee wetu wanaosisitiza kwamba kaburi lisilo na jina ni aibu ya ukoo.

Sasa tuingie mjini. Kutoka stesheni ya reli kuna kigari kinachovutwa kwa kamba ya chuma kupanda mlima. Kilianza kazi mwaka 1888 kikiendeshwa kwa uzito wa maji, kikafungwa mwaka 1970, kikarudishwa mwaka 1990 kikitumia umeme. Kwa wazee wetu wenye magoti mabovu, hilo ni jibu la swali lao la kwanza.

Kanisa Kuu la Orvieto liliwekewa jiwe la msingi mwaka 1290 na Papa Nikolao wa Nne. Kuta zake ni mistari ya mawe meupe na meusi, safu juu ya safu. Ujenzi ulipoingia katika mashaka, akaitwa fundi Lorenzo Maitani kutoka Siena, naye ndiye aliyesimamia sura ya mbele hadi kifo chake mwaka 1330. Kazi nzima ya sura hiyo ilichukua takriban miaka 300. Watu wengi hutazama juu, kwenye dhahabu ya mozaiki, wakapiga picha, wakaondoka. Mimi nawasihi mtazame chini, usawa wa macho yenu, kwenye nguzo nne pana zilizochongwa wakati wa Maitani. Ya kwanza yasimulia Uumbaji, ya mwisho Hukumu; katikati kuna manabii na maisha ya Bwana wetu. Mmea utambaao umepanda ukipita kati ya habari na habari kama mzabibu ulioachwa uote ukutani. Wakulima wa Umbria wasiojua kusoma walisomewa Biblia hapo. Kazi hiyo haisomeki kwa dakika kumi, na tena ni bure, kwa kuwa iko nje.

Ndani hulipiwa kiingilio nje ya saa za ibada. Najua jambo hili huwakera baadhi yenu. Mama mmoja wa WAWATA alinihoji, akasema, Baba Paroko, tangu lini mtu akalipa kuingia nyumbani kwa Baba yake? Swali lake ni zuri, nami namjibu kwa heshima. Paa la karne ya kumi na nne halijitengenezi. Wanaoingia kwa ajili ya Misa hawadaiwi senti. Nami naona ni haki zaidi mgeni anayekuja kutazama michoro achangie, kuliko mzigo wote kuwaangukia waamini wachache waliobaki mjini. Ninachokipinga ni mahujaji kuingia kama watazamaji tu, kulipa, kutazama na kutoka, ilhali wangeweza kufika jioni, wakalala, na asubuhi wakaingia kwa Misa kama watu wa nyumbani.

Katika kikanisa cha upande wa kulia, kiitwacho cha Mtakatifu Brizio, Luca Signorelli alichora kati ya mwaka 1499 na 1504 habari za mwisho wa dunia. Mwenyeheri Fra Angelico alikuwa amekianza mwaka 1447 akakiacha. Katika mchoro wa mahubiri ya Mpinga-Kristo, mhubiri wa uongo amepewa sura inayokaribiana kabisa na ya Bwana wetu, ila shetani amesimama nyuma yake akimnong'oneza sikioni. Umati unamsikiliza. Pembeni, Signorelli amejichora mwenyewe amevaa nguo nyeusi, yeye na Fra Angelico, wakitazama. Katika nyakati hizi ambapo kila kona ya mji wetu ina bango la mtume mpya mwenye mafuta ya upako na akaunti ya benki, ningependa kila mmoja wenu akae mbele ya mchoro ule muda mrefu.

Upande wa kushoto kuna Korporale. Kwa mujibu wa mapokeo, mwaka 1263 padre mmoja kutoka Bohemia, ajulikanaye kama Petro wa Praha, alikuwa katika hija ya kwenda Roma, moyoni mwake akisumbuliwa na mashaka juu ya Ekaristi. Akapumzika Bolsena, akaadhimisha Misa juu ya kaburi la Mtakatifu Kristina, na Hostia ikatoa damu iliyolowesha kitambaa cha altare. Papa Urbano wa Nne alikuwa akiishi Orvieto wakati huo. Kitambaa kikapelekwa kwake. Kinahifadhiwa huko hadi leo. Sanduku la fedha na rangi ambalo Ugolino di Vieri alikitengenezea mwaka 1338 lenyewe ni kazi ya kushangaza.

Tarehe 11 Agosti 1264, akiwa Orvieto, Papa huyo alitoa Hati ya kuiweka sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo kwa Kanisa zima. Hapa lazima niseme kweli, maana waongozaji wa wageni hawaisemi: Hati yenyewe haiutaji muujiza wa Bolsena. Urbano alikuwa amewahi kuwa shemasi mkuu Liège, ambako Mtakatifu Yuliana alikuwa ameipigania sikukuu hiyo kwa miaka mingi, nayo ilianza kuadhimishwa huko tangu mwaka 1246. Kwa hiyo sikukuu ina mizizi miwili, mmoja katika mapokeo ya kitambaa na mmoja katika uvumilivu wa mwanamke mtawa ambaye hakusikilizwa upesi. Mimi sioni kwamba kulijua hili kunapunguza kitu. Mwamini mzima anastahili historia nzima. Mwezi Juni tunapotandika maua na kanga barabarani kutoka kanisani hadi sokoni, tunaadhimisha jambo lililotiwa sahihi juu ya mwamba ule.

Na mwenye kuandika sala na nyimbo za sikukuu hiyo, kadiri ya mapokeo ya Kanisa, ni Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyekaa katika konventi ya Wadominiko ya Orvieto tangu mwaka 1261 hadi 1265. Nendeni mkaitafute San Domenico. Mtakuta kipande cha kanisa, sehemu ya altare tu. Sehemu kubwa ya kanisa lile ilibomolewa katika miaka ya 1930, wakati wa utawala wa Mafashisti, ili kupata nafasi ya chuo cha mazoezi ya viungo cha wanawake. Kanisa la mwalimu mkubwa kuliko wote wa teolojia lilibomolewa kwa ajili ya uwanja wa mazoezi! Husikii wakala yeyote akiipeleka misafara huko. Ndani bado limo kaburi la Kardinali de Braye, lililochongwa na Arnolfo di Cambio, na kwa kawaida hakuna foleni.

Waitaliano nao waliwahi kukosea kwa nia njema. Mwaka 1897 sanamu kubwa za Mitume, pamoja na ile ya Malaika na Bikira Maria ya Francesco Mochi, ziliondolewa katika Kanisa Kuu kwa hoja kwamba si za zama za kati, hivyo zinaharibu usafi wa kanisa la zama za kati. Zilirudishwa mwaka 2019, baada ya zaidi ya miaka 120. Huwa nafikiria vizazi vya waamini waliozaliwa, wakabatizwa, wakafunga ndoa na kuzikwa mle bila kuwaona Mitume wao. Wanaparokia wenzangu wanaotaka tuing'oe altare ya zamani ya mbao kwa kuwa haifanani na vigae vipya, naomba mlitafakari hilo.

Kuhusu kisima nitasema kwa kifupi, ingawa watoto wangekipenda kuliko vyote. Mwaka 1527 majeshi ya Kaisari Karolo wa Tano yaliuteka na kuupora mji wa Roma. Papa Klementi wa Saba akakimbilia Orvieto. Akiogopa mji kuzingirwa na kukosa maji, aliagiza kisima kichimbwe. Antonio da Sangallo alichimba shimo la mita 53 na kulizungushia ngazi mbili, kila moja ya vidato 248, zisizokutana: punda na nyumbu waliteremka kwa moja na kupanda na maji kwa nyingine bila kugongana. Kilikamilika mwaka 1537, Klementi akiwa amekwisha kufa. Mji haukuzingirwa kamwe. Ni katika uhamisho huo huo, mwaka 1528, ndipo wajumbe wa Mfalme Henri wa Nane wa Uingereza walipomfuata Papa kuhusu ndoa ya mfalme wao, na sote twajua mgawanyiko uliofuata. Papa mkimbizi, hazina tupu, wajumbe mlangoni, na chini yao mafundi wanachimba maji. Historia ya Kanisa haikuandikwa na watu waliostarehe.

Nimefikia pointi ambayo ratiba yetu haiigusi kabisa, yaani nchi inayouzunguka mji. Kwa maoni yangu, Orvieto bila nchi yake ni nusu ya Orvieto.

Ziwa Bolsena lipo magharibi, mwendo usiofika saa nzima kwa gari. Ni ziwa la volkeno, kubwa kuliko mengine yote ya namna hiyo barani Ulaya, lenye eneo la kilometa za mraba zaidi ya 110 na kina cha hadi mita 151. Ardhi ilidondoka volkeno zilipotapika yote yaliyokuwa chini, kisha maji yakajaa. Aliyewahi kusimama ukingoni mwa Ngorongoro atalielewa umbo hilo mara moja. Yamo visiwa viwili, na mikunga, ambayo ilimtia sifa mbaya Papa Martini wa Nne. Papa huyo, aliyevikwa taji Orvieto mwaka 1281, aliipenda mno mikunga ya Bolsena, na Dante alimweka toharani miongoni mwa walafi. Haya nayasema ili mwagize samaki huko kwa kiasi.

Njia ya kale ya mahujaji, Via Francigena, hupita kando ya ziwa hilo. Padre Petro alikuwa safarini, hakuwa amefika popote. Alilala Bolsena kwa sababu mtu atembeaye kwa miguu lazima alale. Jambo lililompata lilimpata kwenye kituo cha njiani. Laiti angepanda basi la ratiba yetu, saa ile angekwisha kupita Bolsena akila mkate kwenye kiti.

Kati ya ziwa na Orvieto kuna Civita di Bagnoregio. Nako ni mji juu ya kilima cha tufo juu ya udongo, maumbile yale yale ya Orvieto, ila haukubahatika. Tetemeko la mwaka 1695 liliuvunja, askofu na viongozi wakahamia Bagnoregio ng'ambo, na tangu hapo kingo zimeendelea kumeguka. Leo unaufikia kwa daraja jembamba la miguu la mwaka 1965, na wakazi wa kudumu hawafiki ishirini. Kuuzunguka pande zote kuna makorongo ya udongo mweupe, makali kama visu, bila mti. Mwandishi mzaliwa wa huko, Bonaventura Tecchi, aliuita mji unaokufa. Tangu mwaka 2013 wageni hulipa kiingilio, na umati umeongezeka badala ya kupungua. Watu husafiri mbali kuja kuutazama mji ukifa, wakanunua aisikrimu. Siwalaumu; najiuliza tu kama wenyeji wale wachache hulala wakiwa wamechoka kuangaliwa.

Huko ndiko alikozaliwa Mtakatifu Bonaventura, yapata mwaka 1217. Nyumba ya wazazi wake imekwisha kuporomoka bondeni. Mtu huyo, aliyeviona vilima vya kwao vikiondoka kipande kwa kipande, ndiye aliyefundisha kwamba viumbe vyote ni nyayo za Mungu, kwamba mtu aweza kupanda kwake kwa kuanzia na vitu vinavyoonekana. Aliandika hayo mwaka 1259, na hayati Baba Mtakatifu Fransisko aliyarejea mafundisho yake katika Laudato Si' mwaka 2015. Bonaventura na Thoma walifariki mwaka mmoja, 1274, mmoja akiwa kwenye Mtaguso wa Lyon na mwingine akiwa njiani kuuelekea. Kuna kisa cha zamani kwamba Papa Urbano aliwapa wote wawili kazi ya kuandika sala za sikukuu ya Ekaristi, na Bonaventura aliposikia za Thoma zikisomwa akazichana za kwake. Ni kisa tu, lakini wenyeji husimulia kana kwamba walikuwapo.

Najua hoja zinazonisubiri. Ya kwanza ni fedha. Kulala Orvieto usiku mmoja kutaongeza gharama, na wapo kati yenu waliouza ng'ombe. Jibu langu liko kwenye ratiba hiyo hiyo: siku ya tisa tumeandikiwa Pisa, basi la saa nyingi kwenda na kurudi, ili kupiga picha mkono ukiwa umeuegemea mnara. Ifuteni Pisa. Mnara ule umeinama kwa zaidi ya miaka 800 na utaendelea kuinama bila msaada wetu. Mafuta ya basi na kiingilio cha siku hiyo vitatosha, au vitakaribia kutosha.

Ya pili ni wazee. Mzee wetu mmoja wa kwaya aliniambia hawezi kilometa tano za kuzunguka mwamba wala daraja la Civita. Ni kweli, na asilazimishwe. Juu mjini ni tambarare, na Civita hutazamwa vizuri kabisa kutoka ng'ambo ya bonde, ukiwa umeketi kwenye benchi. Wanaoweza kutembea watembee, wasioweza wakae uwanjani mbele ya Kanisa Kuu wasikilize kengele ya mnara wa Maurizio, ambako mtu wa shaba aliyesubuwa mwaka 1348 bado hugonga saa. Waliompigia kazi mafundi kwa mlio wake mwaka ule walikuwa katikati ya tauni kuu.

Hoja ya tatu ni nzito, nayo imeletwa na vijana: kwa nini twende huko kabisa wakati kigango cha mtoni kinavuja? Siwezi kuwajibu kwa urahisi, na wala sitaki. Fedha za hija ni za wahujaji wenyewe, si za sadaka. Hilo ni jibu la kisheria. Lakini naona pia kwamba waamini waliowahi kusoma nguzo za Maitani, na kuona mji mzima ukiokolewa kwa kutengeneza mifereji, wanaweza kurudi na macho mengine ya kulitazama paa la kigango. Nasema wanaweza. Msafara uliokaa muda wa saa tatu utarudi na picha.

Pendekezo langu kwa Halmashauri ni hili: tuondoke Roma siku ya tano alasiri, tulale Orvieto, siku ya sita asubuhi Misa katika Kanisa Kuu kama tutakavyokubaliwa, kisha Bolsena na kutazama Civita kutoka ng'ambo, na Assisi tufike usiku wa siku hiyo. Pisa ifutwe. Kikao ni Jumamosi saa tisa alasiri, baada ya mazoezi ya kwaya, katika ukumbi mdogo. Wenye maoni tofauti, hususan wale walioichagua Pisa, wayaandike na kumkabidhi katibu wa parokia kabla ya Ijumaa jioni. Na yeyote aliyekwisha kulipia, asinunue viatu vipya wiki ya safari. Avivae kuanzia sasa.

Paroko wenu